Usianze na Rangi: Kufufua Mauntini ya Zamani ya Chuma Ukiwa Tabora

Kila anayenikuta uani na fremu imening'inia kwenye mwembe huuliza kwanza, "Hii utaipaka rangi gani?" Akikaa kidogo anaongeza, "Kwa nini usiifunge shokapu tu?" Swali la tatu huja kwa simu wiki mbili baadaye, akishanunua ya kwake, na sauti imepoa: "Kaka, bomba la siti limegoma kutoka." Nimejibu hayo barazani, nimeyajibu stesheni nikisubiri treni ya Kigoma, na mara moja nimeyajibu msibani. Nayaandika mahali pamoja ili ukija kwangu tuongee mengine.

Ninaposema mauntini ya zamani, namaanisha baiskeli za gia za miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990: mirija myembamba ya chuma, magurudumu ya inchi 26, foki ngumu isiyo na shokapu. Zilizaliwa California, Marekani, ambako vijana walikuwa wakishindana kushuka milima kwa baiskeli nzito za mitaani. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mahsusi kwa kazi hiyo, na 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, nayo ilitengenezwa Japani. Miaka ya 1990 shokapu zikaingia, na foki ngumu zikaanza kuonekana za kishamba. Historia inatosha hapo.

Huku kwetu zimekuja na mtumba, na nyingine ziliachwa na wageni waliomaliza mikataba yao. Tukazifanyia tunachokifanyia kila chenye magurudumu mawili: tukazibebesha. Mkaa, madumu ya asali, magunia ya mahindi, mgonjwa. Fremu nzuri kuliko zote nilizonazo niliikuta mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, imechomelewa keria ya nondo, imepakwa rangi ya buluu ya mlango, na siti yake imefungwa kwa mpira wa ndani. Mwenyewe aliniuzia kwa bei ya majogoo wawili na bado alinionea huruma.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Alenki za milimita 4, 5 na 6. Hizi utazishika kuliko kitu kingine chochote.
- Spana za 8 hadi 17, na spana nyembamba za 13 na 15 kwa ajili ya koni za magurudumu, yaani zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli. Spana malaya iwe ya mwisho kushikwa; inakula kona za nati.
- Kivuta kranki (kranki ni ile mikono inayoshika pedeli), kile chenye nyuzi za milimita 22. Ukikikosa mjini, agiza Mwanza au Dar kije na basi.
- Kifungulia friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma. Meno ya ndani ya friwili hutofautiana, kwa hiyo piga picha ya yako ndipo ununue.
- Kalipa ya kupimia vipenyo, sumaku ya spika iliyokufa, uzi mrefu usiovutika, rula ya shule yenye inchi.
- Grisi mpya ya beringi, mafuta ya taa, kikombe cha oili, siki, magadi kidogo, na nta ya nyuki. Hiyo ya mwisho ukiikosa Tabora, basi hukuitafuta.
- Mswaki uliozeeka, beseni, vikopo vya kuwekea gololi, daftari.

Msasa na grinda havimo humo kwa makusudi. Watu wengi huanza na hivyo viwili, na hivyo ndivyo vilivyoua fremu nyingi kuliko kutu.

1. Ikague kabla hujatoa hela

Weka sumaku kwenye fremu. Ikishika, ni chuma. Isiposhika ni alumini, na huu si mwongozo wake. Pitisha kidole chini ya mrija wa juu na ule wa chini, pale vinapoungana na shingo, ule mrija mfupi wa mbele foki inamopita. Ukisikia kauvimbe, au rangi imepasuka kama matope yaliyokauka, baiskeli iligonga kitu kwa mbele na mirija imejikunja. Achana nayo.

Kisha chukua uzi. Ufunge kwenye mguu mmoja wa nyuma pale ekseli inapokaa, upeleke mbele uzunguke shingo, urudi mguu wa pili. Uukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye mrija wa siti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili si neno. Ikifika tano, fremu imepinda.

La mwisho, na usione haya: mwombe mwenye mali alegeze bolti ya siti palepale, ujaribu kuzungusha bomba lake. Likizunguka, umeokoa wiki mbili za maisha yako. Lisipozunguka, shusha bei.

Kutu ya juujuu isikutishe. Kutu ya kutisha ni ile inayotoka ndani: geuza fremu, igonge polepole kwa mpini wa bisibisi chini pale kranki inapopita, na usikilize. Mlio mkavu ni mzuri. Ikitoka michanga ya kahawia na mlio wa kopo bovu, chuma kimeliwa.

2. Andikishaneni

Karatasi moja, majina mawili, namba ya fremu, sahihi, na mhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa. Baiskeli zinaibwa, na baiskeli uliyoifanya ing'ae inaulizwa maswali ambayo ile yenye keria ya nondo haikuulizwa.

3. Ijue umri wake

Namba ya fremu mara nyingi iko chini, pale kranki inapopita. Ila njia rahisi ya kujua umri ni vifaa vya Shimano. Nyuma ya mkono wa kranki, au ndani ya mkono wa breki, tafuta herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, unaendelea hivyo hadi Z ambayo ni 2001. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Ukikuta NC, kifaa kilitengenezwa Machi 1989. Soma vifaa vitatu au vinne. Vikikubaliana, baiskeli haijabadilishwa sana. Kimoja kikipishana kwa miaka sita, kuna fundi alipita hapo.

Dalili nyingine: vibadili gia vinavyokaa juu ya usukani, vya kusukumwa kwa dole gumba, ni vya miaka ya 1980. Breki ya nyuma iliyofichwa chini karibu na kranki ni mtindo wa mwishoni mwa miaka hiyo, na ni kero kwenye tope. Nitakuacha uigundue mwenyewe Januari.

4. Ifungue kwa mpangilio

Piga picha kila upande, hasa waya zinavyopita. Halafu fuata utaratibu huu.

Friwili kwanza, gurudumu likiwa bado zima. Narudia: gurudumu likiwa zima. Kijana mmoja aliniletea haba (kile kitovu cha gurudumu) safi kabisa aliyoikata spoku zote ili "asafishe vizuri", friwili ikiwa bado imekaa. Bila rimu huna pa kushikilia wakati wa kuifungua. Ile haba ni uzito wa karatasi sasa.

Pedeli: ya kulia hufunguka kawaida, ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Kranki: toa bolti *na washa yake*, zungusha kivuta kiingie nyuzi zote hadi mwisho, ndipo usukume. Kikiingia nyuzi tatu tu kisha ukakaza, kitang'oa nyuzi za alumini na utabaki na kranki isiyotoka kabisa. Nyundo usiiguse.

Vikombe vya ekseli ya kranki: karibu zote za aina hii zina nyuzi za Kiingereza, yaani kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume, kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Ukisahau hili utakikaza mpaka jioni ukidhani ni kutu.

Shingo ya usukani: legeza bolti ya juu mizunguko minne tu, usiitoe, kisha weka kipande cha ubao juu yake na upige mara moja. Kabari ya ndani inaachia.

Gololi hesabu unapozitoa, andika.

5. Bomba la siti

Sasa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu huachia njiani.

Bomba ni la alumini, mrija ni wa chuma. Weka jasho, mvua na miaka ishirini kati yao, alumini inaota unga unaojaza nafasi yote. Haijashikwa na kutu kama nati. Imeshikwa kama kabari. Ndiyo maana nguvu peke yake haisaidii.

Fremu ya Ng'ambo ilinichukua siku kumi na moja. Nilishatoa ekseli ya kranki, kwa hiyo niliigeuza miguu juu na kumimina mafuta kupitia tundu la kranki, yatelemke ndani ya mrija wa siti hadi kwenye bomba kwa upande wa ndani. Watu wengi hupulizia juu tu, kwenye mdomo, mafuta yanaishia sentimita moja. Tumia yale ya kopo ya kulegeza nati. Ukiyakosa, changanya oili nyepesi na mafuta ya taa. Kijiko kila jioni, na kila jioni pigapiga mdomo wa mrija kwa mpini wa mbao ili yapenye.

Watu watakuambia uchome moto. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo ukipasha unaikaza zaidi. Unachotaka ni baridi. Nilisubiri alfajiri ya Juni, ile baridi ya Tabora inayowatoa watu na makoti, nikashindilia barafu ya pakiti iliyopondwa na chumvi ndani ya bomba, nikaiacha nusu saa. Kisha tukaenda kwa jirani mchomeleaji mwenye jiliwa. Tulibana kichwa cha bomba kwenye jiliwa, fremu ikawa ndiyo mpini, watu wawili tumeishika karibu na mrija wa siti. Usishike mwisho wa miguu ya nyuma ukavuta; utaipinda. Tukasukuma kidogo huku, kidogo kule.

Ikalia. Mlio mmoja mfupi, kama jino linang'oka, na jirani akaachia mikono akidhani tumeivunja. Haikuvunjika. Ilizunguka upana wa nywele, tukatia mafuta, ikazunguka upana wa kidole, na saa tatu asubuhi bomba lilikuwa mkononi, limefunikwa unga mweupe kama wa muhogo.

Isipokubali kabisa, kata bomba juu ya mrija, ingiza kipande cha jani la msumeno ndani, na ukate ufa mmoja kwa urefu kwenye alumini, polepole, ukisimama kila mara kutazama usifike kwenye chuma. Likishapasuka urefu wote, linajikunja kwa plaizi na kutoka. Kuna wanaoyeyusha kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni. Yanakula alumini kweli, yanatoa gesi inayowaka, na tone moja likirukia jichoni umekwisha. Mimi sifanyi, na kwangu hayaingii.

Bomba jipya lazima lilingane. Saizi huenda kwa hatua za milimita 0.2, kutoka 26.2 hadi 27.2 kwa nyingi za enzi hizo, na imechapishwa chini ya bomba la zamani. Bomba jembamba kwa 0.2 litakaa ukikaza sana, na ndipo masikio ya mrija yanapopasuka. Kipande cha kopo la soda si dawa.

6. Kutu, na keria ya nondo

Vitu vidogo vya chuma, kama bolti na nati, lowesha kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa mswaki, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua uchachu, kausha juani, paka oili papo hapo. Usipopaka, kabla ya adhuhuri vitakuwa vimerudi rangi ya machungwa. Alumini usiitie kwenye magadi, itapauka.

Vya nikeli, chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunje, ichovye majini, sugua. Kutu inaondoka bila kukwaruza. Inafurahisha kiasi kwamba utatafuta kingine cha kusugua.

Maji ya betri, hapana. Najua mafundi wengi hutumia na kutu huisha kwa dakika tano. Asidi ile inakula chuma kizima pamoja na kutu, inajificha kwenye maungio, na kwenye vyuma vigumu kama spoku na ekseli inaacha udhaifu usiouona mpaka vikatike.

Keria iliyochomelewa ndiyo mtihani. Mirija mizuri ya enzi hizo ni minene kwenye ncha na myembamba katikati. Katikati hupungua chini ya milimita moja. Aliyeweka nondo pale aliunguza chuma chembamba kama ukucha. Kata nondo kwa msumeno wa mkono, acha kisiki cha milimita mbili, kimalize kwa tupa taratibu. Ukiona tundu au ufa chini yake, simama. Fremu hiyo itapamba ukuta.

Ndani ya mirija, ikishakauka, mimina nusu kikombe cha oili, izungushe kila upande, iache ichuruzike usiku kucha juu ya gazeti. Oili chafu inafaa hapa na mahali pengine popote haifai.

7. Gololi na grisi

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Tazama koni na vikombe juani: njia ya gololi iwe laini na ya kung'aa. Vikiwa na vidonda, badilisha, maana grisi haitibu vidonda.

Gololi nunua mpya kila mara, ni rahisi kuliko soda. Haba ya mbele kawaida huchukua 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za robo inchi, na ekseli ya kranki 11 za robo inchi kila upande kama hazina kizimba, kile kipete kinachozishika pamoja. Ni saizi zilezile mafundi wa Phoenix wanazo kwenye kopo. Usichanganye mpya na za zamani. Zilizoisha zimepungua kidogo na mpya ndizo zitakazobeba mzigo wote.

Jaza grisi hadi ikuchukize. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama poda na linaingia popote. Grisi inayotokeza nje kidogo ndiyo mlango wako. Kaza koni mpaka gurudumu lisicheze kushoto na kulia, ila likizungushwa lisimame lenyewe kwa kuyumbayumba, pale spoku au valvu ilipo nzito. Likisimama ghafla umekaza mno.

8. Magurudumu

Hapa pana mtego mmoja unaokula hela za wageni. Inchi 26 si moja. Tairi la mauntini huandikwa kwa nukta, 26 x 1.95 au 26 x 2.10, na ubavuni lina namba 559, yaani milimita za kipenyo pale linapokaa kwenye rimu. Sokoni utauziwa pia 26 x 1 3/8, la baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu. Hilo ni 590. Yote "ni ishirini na sita, bosi", na hayaingiliani hata kwa kisu. Soma ubavuni.

Kunyoosha rimu mwachie fundi. Mzee aliyepiga spoku za Phoenix tangu hujazaliwa atakushinda, hata ukiwa na video nzuri kiasi gani. Mwambie tu: "Mzee, rimu hii ni ya alumini, tusiipige nyundo."

9. Breki na waya

Waya zote na maganda yake badilisha. Zile breki za mikono miwili iliyotanuka huvutwa na kawaya kafupi kanachoning'inia juu ya tairi. Waya mkubwa ukikatika, kawaya hako hudondoka kwenye kashata za tairi na kulisimamisha gurudumu la mbele ghafla. Kwa hiyo kile kibati cha kioo kinachokaa mbele ya foki usikitupe; kazi yake nyingine ni kukadaka.

Raba zilizokuwa ngumu kama kwato usizikwangue, nunua. Unaweza kufunga breki mpya za mikono mirefu iliyosimama kwenye vinundu vilevile, ila mkono wa usukani nao ubadilike. Wa zamani unavuta waya mfupi na breki haitafika.

10. Cheni na gia

Pima cheni kwa rula: pini ya kwanza kwenye sifuri, pini ya ishirini na nne baada yake iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, badilisha cheni. Ikipita kwa 1/8, badilisha na friwili. Cheni ya Phoenix ni pana, haifai hapa. Omba ya gia sita hadi nane.

Vibadili gia vya dole gumba ni vya kuvipenda. Ndani hamna kitu cha kuharibika. Safisha, paka nta kidogo, kaza bolti yake ya juu mpaka isirudi yenyewe.

11. Rangi, sasa

Umefika hapa, baiskeli inatembea, na ile hamu ya kopo la kupuliza naamini imepungua. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa na makovu, haipatikani tena. Ukiifuta, umefuta na stika, na stika ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Rangi ya mlango juu ya rangi ya kiwandani mara nyingi haikushika, maana hakuna aliyeikwaruza kwanza. Ile ya Ng'ambo niliibandua kwa maji ya moto na kadi ya zamani ya benki, kipande kwa kipande, jioni nne. Kwenye mrija wa siti, chini ya buluu, ikatokea nusu ya stika: herufi T, A, N, na mkia wa G. Mirija ya Tange ya Japani. Yule mzee aliyeniuzia alikuwa amebebea mkaa chuma ambacho watu walikinunulia kwa mashindano, na kilimbebea vizuri tu.

Palipo wazi, ziba kwa rangi ya kucha. Nenda dukani na kipande cha rangi uilinganishe. Dada wa pale atacheka, mwache acheke, ana rangi arobaini na wewe unahitaji moja. Juu ya yote, nta: iyeyushe kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, iepue kabisa, peleka mbali na jiko, ndipo utie mafuta ya taa kidogo na ukoroge. Usitie mafuta ya taa karibu na moto. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Paka, ngoja, futa kwa kitambaa.

Na shokapu? Fremu hizi zilipimwa kwa foki yake. Ukiweka foki ndefu ya shokapu, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mzito na baiskeli inazubaa kwenye kona. Punguza upepo kwenye tairi nene. Mchanga wa barabara za pembeni huku hautaki zaidi ya hapo.

Ikigoma

*Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu.* Umeweka cheni mpya kwenye friwili iliyoisha. Badilisha friwili.

*Gia inarudi yenyewe ukipanda mlima.* Kaza bolti ya kibadili gia robo mzunguko.

*Breki inapiga kelele.* Raba inagusa kwa kisigino. Igeuze kidogo ncha ya mbele itangulie kugusa rimu.

*Usukani unanasa katikati, kama una kituo.* Vikombe vya shingo vimechimbika na gololi. Kwa muda, toa vizimba, weka gololi zisizo na kizimba, zitakaa sehemu nyingine. Kisha tafuta vikombe vipya. Pima kwanza, maana zipo shingo za inchi moja, inchi moja na 1/8, na chache za inchi moja na robo ambazo zitakutesa.

*Kranki inalia "kwi" kila mzunguko.* Ifungue, futa grisi yote kwenye pembe nne za ekseli, kaza upya. Isipoacha, ni pedeli. Isipoacha tena, ni siti. Usicheke, mara nyingi ni siti.

*Baiskeli inavuta upande mmoja ukiachia mikono.* Geuza gurudumu la mbele kushoto kwenda kulia, lifunge tena. Likivuta upande wa pili, tatizo ni gurudumu. Likivuta upande uleule, rudi kwenye uzi wa hatua ya kwanza, safari hii na foki.

Ukishanogewa

Ya pili itakuja yenyewe. Watu wakijua unanunua, watakuletea hadi usiku. Ushauri wangu: chukua moja iliyo kamili, hata kama jina lake si kubwa, kabla ya fremu tano tupu zenye majina. Fremu tupu inadai vifaa, na vifaa vya 1988 havipo Tabora. Daftari liwe na ukurasa kwa kila baiskeli: namba ya fremu, saizi ya bomba la siti, upana wa haba ya nyuma kati ya nati na nati (126, 130 au 135), na ulichobadilisha.

Ziweke ndani, mbali na mabati yanayochoma, tairi zikiwa na upepo. Na kila Novemba, kabla mvua hazijashika, toa bomba la siti la kila moja, lifute, lipake grisi, lirudishe. Ni kazi ya dakika tano kwa baiskeli.